Kupanda Mam Tor na watoto na Bibi: jinsi ya kuipanga siku ya milimani ukiwa Uingereza

Ukienda kumtembelea ndugu yako Uingereza, siku huisha sebuleni. Asubuhi mnaenda madukani, mchana mnapika, jioni televisheni, na watoto wanagombania simu kwa sababu nje kuna mvua au mnadhani itanyesha. Mwisho wa safari wanarudi nyumbani wakiijua barabara ya kwenda supamaketi na uwanja wa ndege tu. Mimi nakataa hilo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa Lushoto na nimekulia kwenye miteremko ya Usambara, na kila nikifika kwa mdogo wangu Manchester, siku moja tunaitenga kwa kutembea milimani, ukoo mzima: wanangu wawili, mdogo wangu na mumewe, kichanga chao, na mama yetu ambaye nyumba nzima inamwita Bibi. Naandika haya kwa ajili ya mama au baba mwenzangu anayetamani kufanya hivyo ila hajui aanzie wapi.

Pa kwenda ni Peak District, hifadhi ya taifa iliyo kati ya Manchester na Sheffield. Ilitangazwa mwaka 1951, ya kwanza Uingereza. Kwa sisi tuliozoea hifadhi za Tanzania, jueni mapema kwamba hii ni ya namna nyingine. Hakuna geti la kulipia kiingilio, hakuna askari wa kukuuliza kibali, wala hulazimiki kuchukua mwongozaji. Ndani yake kuna vijiji, makanisa, shule, na wakulima wanaofuga kondoo na ng'ombe. Unashuka kwenye treni, unaanza kutembea.

Kilima ninachowashauri wenye watoto ni Mam Tor. Kina mita 517 tu. Lushoto mjini pako juu zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia namba hiyo anaweza kukidharau. Asikidharau. Kule kinachochosha ni upepo na maji kuliko urefu. Juu hakuna mti wa kukukinga, na mvua inaweza kuja ubavuni, ikakuingia shingoni na mikononi kwa wakati mmoja. Asubuhi ya jua inaweza kuwa adhuhuri ya ukungu. Ndiyo maana jana yake usiku mimi hutazama utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wa milima ya Peak District, ambao unakuambia kasi ya upepo na baridi ya juu kileleni, si ya mjini. Wakisema upepo mkali au radi, tunabaki nyumbani tupike biriani. Kilima hakihami.

Kabla ya viatu na chakula, kuna jambo linalowazuia wengi wetu, nalo ni woga wa kuonekana tumeingia pasipotuhusu. Mara ya kwanza mwanangu mkubwa alipoona njia inakatiza katikati ya malisho ya mtu, alisimama getini.

"Mama, hili si shamba la mtu?"

"Ni la mtu, mwanangu. Lakini njia ni ya kila mtu. Fungua, tupite, ufunge."

Hivyo ndivyo sheria yao ilivyo. Ardhi inaweza kuwa ya mkulima, ila njia iliyosajiliwa kuwa ya umma ni haki ya yeyote kuipita kwa miguu, mwenyeji au mgeni, na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Utaitambua kwa vibao na mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo na mageti: mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana kwa wazee wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwandani Manchester, walipanda Kinder Scout, mlima unaotazamana na Mam Tor, ambao wakati huo wenye mali waliufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka ishirini tu, na wenzake kadhaa walifungwa jela pamoja naye. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, na ya mwaka 2000 ikafungua maeneo makubwa ya nyika na milima. Nawasimulia watoto habari hii tukiwa kwenye treni, kwa sababu nataka watembee vichwa juu. Watu walikubali kufungwa ili mtoto wa yeyote apite pale.

Sasa safari yenyewe. Treni ya kusimama vituo vyote kati ya Manchester Piccadilly na Sheffield hupitia bonde la Hope na kusimama kijiji cha Edale, chini ya Mam Tor. Kutoka Manchester ni kama dakika 45. Usiende na gari siku za Jumamosi na Jumapili za kiangazi kama unaweza kuepuka, maana maegesho hujaa asubuhi na watu huishia kupanga magari kandokando ya barabara nyembamba. Kama ndugu zako wanaishi kule, wanunue kadi ya punguzo la familia inayoitwa Family & Friends Railcard. Inawapunguzia wakubwa theluthi moja ya nauli na watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60, na mtoto wa chini ya miaka mitano hasafiri kwa kulipa. Soma masharti ya saa, kwa sababu asubuhi za siku za kazi ina vizuizi katika baadhi ya maeneo. Ratiba zao zimeandikwa kwa saa ishirini na nne. Bibi anahesabu saa za kwetu, kwa hiyo mimi huandika karatasini muda wa treni za kurudi kwa namna zote mbili na kuiweka mfukoni mwake. Tukipotezana stesheni, yeye ana karatasi.

Saa ya jua ni ya kuangalia kuliko saa ya treni. Sisi tumezoea giza kuingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Kule mwezi wa sita jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, na watoto wanaweza kucheza njiani bila wasiwasi. Mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa kumi alasiri. Familia isiyojua hilo itaanza kupanda baada ya chakula cha mchana na kushuka kwa tochi. Nendeni kati ya mwezi wa tano na wa tisa, na muwe mmeshuka treni Edale kabla ya saa nne asubuhi.

Mavazi nitayasema kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo siku inapoharibika. Acheni jinzi. Pamba ikilowa haikauki, inang'ang'ania mwilini na kunyonya joto, na mtoto aliyelowa kwenye upepo hupoa haraka kuliko mtu mzima. Mvalishe tabaka: fulana nyepesi ya michezo, sweta juu yake, kisha koti lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia. Suruali ya traksuti inatosha, na ya mvua ya kuvalia juu iwe ndani ya begi. Kofia na glavu za watoto tunabeba hata mwezi wa saba. Viatu si lazima viwe buti za bei kubwa. Raba zenye soli ya meno zinafaa kama njia ni kavu, lakini soli laini ya shule itamtelezesha. Jozi moja ya soksi kavu kwa kila mtoto, ndani ya mfuko wa plastiki. Na haya yote msiyanunue mapya kwa safari ya wiki mbili. Miji ya Uingereza imejaa maduka ya hisani, na humo utapata makoti ya mvua ya watoto yaliyotumika kidogo, kwa bei ambayo hata mtu wa Manzese ataikubali. Mitumba tunayoijua sisi inaanzia hukohuko. Ichague ikiwa bado haijafungwa marobota.

Kichanga hakiendi na kigari. Kuna mageti yanayozunguka, kuna ngazi za mawe za kuvukia kuta, na sehemu nyingine ni matope. Mdogo wangu alikuwa anafikiria kununua kile kiti cha kubebea mgongoni chenye vyuma, Bibi akatoa kanga. Mtoto alifungwa mgongoni kwa mbeleko, koti kubwa likaja juu yao wote wawili, akalala mpaka kileleni. Hakikisha tu miguu na mikono yake imefunikwa, kwa kuwa yeye hatembei, hapati joto lako la kupanda, na mguse vidole kila mnapopumzika. Kanga ya pili tunabeba kwa kukalia, kufutia, kujikinga upepo na kuswalia. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya kazi zote hizo.

Chakula tunapika usiku. Chapati zilizokunjwa na mayai ndani, sambusa, karanga, ndizi, na kashata ambazo mdogo wangu hutengeneza kwa nazi ya pakiti. Chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha iende kwenye chupa ya chai. Hii si anasa: mtoto aliyepoa, kikombe cha chai ya moto kinamrudisha. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, hata kijito kikiwa kinang'aa namna gani, kwa sababu juu yake kuna kondoo. Kashata zangu nazigawa kwa mpango: moja stesheni, moja tukifika kwenye mgongo wa mlima, moja kileleni, na moja ya dharura ambayo watoto hawaijui.

Hapo Edale tumieni choo kabla ya kuanza kupanda. Juu hakuna. Kisha mnafuata barabara ya bondeni kidogo na vibao vya kuelekea Hollins Cross, mahali njia kadhaa zinapokutana kwenye mgongo wa mlima. Ramani ya karatasi ninayobeba ni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, toleo la Explorer OL1, yenye kipimo cha 1:25,000, maana yake sentimita 4 za ramani ni kilomita moja ya ardhi. Vistari vya kijani vilivyokatikakatika ndizo njia za umma. Ramani ya simu ni nzuri mpaka chaji iishe au mtandao ukatike, na mabondeni kule mtandao hukatika. Mpe mtoto mkubwa ramani aiongoze familia, mimi hutembea nyuma yake na kumuuliza tu, "Tuko wapi sasa?" Ameshika vipimo, skeli na pande za dunia kwa siku moja kuliko muhula mzima wa ubao wangu.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: anayetembea polepole ndiye anayetangulia. Mbele kabisa anakwenda mwanangu mdogo akiwa ameshikana mkono na Bibi, na shemeji yangu mwenye miguu mirefu anakuwa wa mwisho. Ukifanya kinyume, wenye nguvu wanafika mbele, wanapumzika wakisubiri, na wa nyuma wakiwafikia tu wao wanainuka. Aliyechoka ndiye hapati kupumzika hata mara moja. Kuna hesabu ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa Edale, Hollins Cross, Mam Tor na kurudi Edale ni kama kilomita 8 na kupanda kama mita 300, kwa hiyo mtu mzima mwenye mwendo atatumia saa mbili na kidogo. Sisi tunajipa saa nne, na chakula na sala juu yake. Tukimaliza mapema, tunakaa kijijini.

Kufika Hollins Cross ndiyo sehemu ya jasho. Waambie watoto kwamba zamani, Edale ilipokuwa haina kanisa, watu walibeba majeneza kwa njia hiyo kuvuka mlima kwenda kuzika kijiji cha Hope. Wangu walinyamaza, wakaanza kutazama ule mteremko kwa macho mengine, na malalamiko ya miguu yakaisha. Kutoka hapo mnageuka magharibi na kufuata mgongo wa mlima hadi kileleni, bonde la Edale mkono mmoja na kijiji cha Castleton mkono mwingine. Njia imetandikwa mabamba ya mawe ili miguu ya watu wengi isimomonyoe udongo. Hapo ndipo upepo unapowakuta, basi vaeni makoti kabla ya kutokea juu, si baada. Kileleni palikuwa na ngome ya watu wa kale, na mahandaki yake ya ulinzi bado yanaonekana yakikizunguka kilima. Upande wa mashariki mlima umeporomoka na bado unasogea. Chini yake kuna barabara kuu iliyopasuliwa na maporomoko hayo hadi ikafungwa moja kwa moja mwaka 1979. Washikeni watoto mkono upande huo.

Bibi huswali Adhuhuri palepale, kando ya njia, mahali mlima unapomkinga upepo. Kibla kutoka huko ni kusini-mashariki, na dira ya simu inatosha. Wapitaji hawana neno. Wengine husubiri mbali kidogo mpaka amalize. Kwa jumla watu wa njiani husalimia, na ukiitikia mara mbili tatu watoto nao wanachangamka kusalimia wa mbele.

Kuhusu wanyama. Kondoo hawana shida, ila watoto wasiwakimbize, hasa majira ya kuzaa kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano. Ng'ombe wenye ndama ni wa kuheshimu: usipite kati ya mama na mwanawe, zungukeni kwa mbali, msikimbie. Mbwa ni wengi, na wengi wao wanaachwa huru. Wanangu walikuwa wakiruka na kupiga kelele, jambo linalomfanya mbwa aone ni mchezo. Nimewafundisha kusimama wima, mikono kifuani, kutomtazama machoni, na mimi namwomba mwenyewe kwa adabu amfunge kamba. Sijawahi kukataliwa. Geti mlilolikuta limefungwa, lifungeni. Mlilolikuta wazi, liacheni wazi, kwa kuwa mkulima ana sababu yake. Na msiwashe moto wala jiko la mkaa, hata dogo la kuchomea mishikaki. Ardhi ya milima ile ina mboji, ambayo ikishika moto huungua chini kwa chini. Mwezi wa sita mwaka 2018, moto wa Saddleworth Moor, mashariki mwa Manchester, ulihitaji hadi wanajeshi kuuzima.

Kabla hamjaondoka nyumbani, kubalianeni mahali pa kugeukia. Kwetu ni Hollins Cross. Tukifika pale na ukungu umefunika kilele, au mtoto anatetemeka, au Bibi amesema magoti yamekataa, tunashuka wote pamoja na hakuna anayelaumiwa. Tumeshafanya hivyo, watoto wakasikitika kidogo, wakasahau walipoona kijito cha kurushia mawe bondeni. Msiwagawanye watu kwa kusema "nyinyi shukeni, sisi tumalizie haraka", labda kama kuna mtu mzima anayeijua njia kila upande.

Likitokea baya, mtu amevunjika au mmepotea gizani, pigeni 999, muombe polisi, kisha semeni mnahitaji uokoaji wa mlimani. Hao waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi hata senti, kwa hiyo msisite kwa kuogopa bili. Kama simu haishiki, kuna ishara ya filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Filimbi tunafunga kwenye mkanda wa begi la kila mtoto, na wanajua kwamba si ya kuchezea. Aliyeumia mkalisheni juu ya begi au kanga, asikae ardhini, mumfunike kila mlichonacho.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kuoga, wakagueni watoto kupe: nyuma ya masikio, makwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa chupi. Kupe wa kule wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpinda, wala usimpake mafuta ya taa kama tunavyofanya kwa ng'ombe. Wiki zinazofuata likitokea duara jekundu linalopanuka, au homa, nenda kwa daktari ukamweleze ulitembea wapi, hata kama umesharudi Tanzania, maana daktari wa kwetu hatalifikiria usipomtajia. Viatu vilivyolowa vijazeni magazeti na kuviweka mbali na hita, visije vikapasuka.

Mara ya pili, kama miguu imezoea, mnaweza kuanzia Edale hiyohiyo na kushukia Castleton, mkatazame mapango yanayotoa jiwe la rangi ya zambarau na njano liitwalo Blue John, kisha mkapandie treni Hope. Kinder Scout kiacheni mpaka watoto wawe wakubwa na yupo mmoja wenu anayejua kutumia dira vizuri, kwa sababu juu ni uwanda mpana wa mboji na mifereji, na ukungu ukishuka kila upande unafanana.